Lusia wa Dobi na Mtamba wa Arash

Lusia Tarmo hana adabu na michango. Nasema hivyo kwa heshima zote, na yeye mwenyewe akinisikia atacheka. Watu wengine wakija kuomba mchango huanza na salamu, wakauliza watoto, wakauliza shamba, wakakohoa kidogo ndipo waseme shida yao. Lusia hana muda huo. Anasimama mlangoni na beseni lake la mashuka kiunoni, anakwambia, "Wewe hujatoa," kisha anabaki pale pale mpaka utie mkono mfukoni.

Ni mama wa makamo, Mwiraqw wa kijiji cha Qurus, wafanyakazi humwita Mama Fabian kwa jina la mwanawe, mkuu wa chumba cha dobi katika loji moja ya kitalii hapo Karatu, upande wa mashamba ya kahawa. Wageni hawamjui. Wanalala kwenye mashuka aliyoyanyoosha yeye, wanajifutia taulo alizozifua yeye, na asubuhi wanaondoka kwenda kuona faru kwenye kreta ya Ngorongoro bila kujua kuwa kuna mtu anaitwa Lusia. Mikono yake imechubuka kwa sabuni, na shingo yake haijui kuinama. Ukitaka ugomvi naye, mguse habari ya kliniki.

Habari yenyewe ilianza na msiba. Pale lojini kuna askari wa getini anaitwa Sairowua, kijana mtaratibu kutoka Arash, kule Loliondo. Mke wake alishikwa na uchungu nyumbani, akapakiwa kwenye pikapu kutafuta hospitali, na hospitali hakuiona. Alifia njiani, yeye na mtoto tumboni.

Taarifa ilipofika lojini, watu walichanga. Na nyie mnajua tulivyo. Kilipatikana cha mafuta ya gari, cha mchele, cha sukari, cha mablanketi, hata jikoni wakatoa sufuria zao kubwa ziende Arash na zirudi. Waliporudi kutoka kuzika, wafanyakazi wamekaa kantini wanakula kimya kimya, Lusia akasimama.

"Jamani, kwa maiti hatuna mpinzani," alisema. "Tumekodi gari, tumepika, tumelia. Sasa naomba mnijibu. Huyu mwenzetu angekuja wiki iliyopita akasema naomba mafuta ya gari, mke wangu ana mimba na anavimba miguu, nani kati yetu angempa?"

Sairowua mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na shuka lake begani, anatazama sahani. Lusia alikaa, akamalizia ugali wake.

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya Afya Mlangoni, shirika dogo la hapo mjini lenye Landikruza moja iliyochoka na nesi mmoja asiyechoka, Selina. Kazi yao ni kuipeleka kliniki vijijini ambako barabara inakata tamaa kabla ya msafiri: kupima watoto uzito, kuchanja, kupima wajawazito presha. Selina alimwambia ukweli. Dawa na chanjo zinapatikana, moyo upo, lakini gari linashinda limeegeshwa kwa kukosa mafuta na matairi.

Basi Lusia akarudi na wazo, na wazo lilikuwa lile sanduku la tipu. Wageni wakiondoka huacha chochote kwenye sanduku la mbao pale mapokezi, na mwisho wa mwezi wafanyakazi wote hugawana, kuanzia mpishi mkuu hadi mkata majani. Lusia alitaka kabla ya kugawana litoke kwanza fungu la kliniki. Alizunguka idara moja baada ya nyingine. Wapishi aliwapata kwa utani, wa vyumbani aliwapata kwa machozi, madereva aliwapata kwa kuwasumbua mpaka wakachoka. Masika yalipofika na loji ikawa tupu, sanduku likawa halina kitu, alichukua maharage yake aliyoweka akiba kule Qurus, akayauza mnadani na kujaza fungu, wala hakumtangazia mtu. Tulikuja kujua kwa sababu mume wake alilalamika kilabuni kwamba nyumbani wanakula mboga za majani kila siku.

Miaka miwili Landikruza ile ilikwenda Arash kila mwezi. Na matunda yake hayakujificha. Shemeji yake Sairowua, Lilian, mke wa mdogo wake, alipimwa presha na Selina akakutwa na hali mbaya, akapelekwa hospitali mapema, akajifungua salama mtoto wa kiume. Siku habari ilipofika, Sairowua aliingia dobi, akachukua pasi mkononi mwa Lusia, akampigia pasi rundo zima la foronya. Alizipiga vibaya, na Lusia akazirudia zote alipoondoka, lakini alizirudia huku akiimba.

Sasa mtu wa kwanza kuchoka alikuwa Benson wa baa. Na ole wako umwite Benson mbahili, maana si mbahili. Alikuwa na hoja. Afya Mlangoni walituma cheti cha shukrani, kimeandikwa "kwa loji na wageni wake," na meneja akakitundika mapokezi, wageni wakawa wanapiga nacho picha. Benson alikitazama kila siku akipita na trei ya glasi, na kila siku kilimchoma.

"Mimi natoa jasho langu miaka miwili," alisema kwenye kikao cha wafanyakazi. "Anashukuriwa mgeni aliyelala siku mbili akaondoka. Hivi hao watu wa Arash wanajua kama kuna mtu anaitwa Benson? Mama Fabian, nakuheshimu, lakini mimi hata asante ya mdomo sijaisikia. Naomba fungu lisimame."

Vichwa vingi vilitikisika kumuunga mkono, na Lusia aliviona. Wakakubaliana kuwa kikao kijacho ndicho kitakachoamua, fungu liendelee au life. Kila mtu alijua kuwa fungu likifa na Landikruza imekufa, na wajawazito wa Arash wanarudi kwenye pikapu.

Wewe ungefanya nini? Lusia aliomba likizo, akapanda gari la kliniki pamoja na Sairowua wa kumtafsiria, akaenda Arash kutafuta shukrani. Ndiyo, alikwenda kuomba waliosaidiwa waseme asante. Alikuwa amekata boksi la sabuni, akaandika juu yake kwa wino mnene, "TUNAWASHUKURU SANA WAFANYAKAZI." Alipanga akina mama walishike, awapige picha kwa simu, kazi imekwisha.

Walipita geti la Ngorongoro, wakazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, wakashuka tambarare, wakala vumbi mpaka meno yakawa yanasaga mchanga. Akina mama wa Arash walikuwa wameshajipanga na watoto wao. Walilishika boksi walipoombwa kulishika, wakatabasamu walipoombwa kutabasamu. Lusia alipiga picha, akaiangalia, akaridhika.

Hapo ndipo alipokuja mama yake Sairowua, Nosim, mjane mwenye heshima zake, na nyuma yake mwanawe mkubwa, Tobiko, akivuta kamba. Kwenye kamba palikuwa na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye tumbo jeupe. Mbavu zake zilikuwa zinaonekana, maana ukame ulikuwa umepita na kuondoka na mifugo ya watu. Nosim alisema maneno marefu kwa Kimaasai, taratibu, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa ng'ombe.

Sairowua alitafsiri. "Mama anasema huyu ni wenu, watu wa hotelini. Ni kwa ajili ya mjukuu wake aliyeletwa hai."

Lusia akatazama mbavu za yule mtamba, akatazama boma pale kilimani, akaona zizi lilivyobaki na nafasi kubwa katikati. Roho ikamuuma. Na kuna sheria ya Afya Mlangoni kuwa anayetoa huduma hapokei zawadi kwa mgonjwa, nayo ikamjia kichwani kama kisingizio kilichovaa vizuri. Akamshika mama yule mikono yote miwili.

"Hapana, mama," alisema. "Ninyi mmepoteza ng'ombe wengi. Huyu abaki, awasaidie nyumbani. Sisi hii picha inatutosha kabisa."

Sairowua alichelewa kutafsiri, na alipotafsiri alisema maneno machache kuliko yale aliyoyasikia. Nosim aliitikia kwa kichwa. Alichukua kamba kutoka kwa Tobiko, akageuka, akaondoka na mtamba wake, na akina mama kwenye foleni wakaacha kuongea. Lusia, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alipanda gari akiona ametenda jambo la utu.

Walipofika tena juu kwenye ukingo wa kreta, Sairowua alimgeukia Lusia.

"Mama Fabian," alisema hatimaye. "Kwetu mtu akikupa mtamba, hakuiti tena kwa jina lako. Anakuita Entawuo, yaani mtamba, na wewe unamwita hivyo hivyo, mpaka mmoja wenu afe. Mnakuwa ndugu. Mama yangu alikuja kukupa jina hilo mbele ya watu. Wewe umemrudishia kamba."

"Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Ningekufundishaje kupokea, na mtoaji amesimama?"

Lusia alifunga kioo cha dirisha japo hakukuwa na vumbi.

Mwezi uliofuata Selina alirudi kutoka Arash, akaja moja kwa moja dobi bila hata kunawa uso. Watu walikuwa wachache. Kutoka boma la Nosim hakuja hata mmoja, wala kutoka maboma ya jirani zake. Mtoto wa Lilian, yule yule wa presha, chanjo yake ilikuwa imefika na hakuletwa.

"Nimewauliza wana nini," Selina alisema. "Hawasemi kitu kibaya. Wanasema tu hii kliniki ni ya watu wasiotaka kujuana nao."

Kikao kilikuwa siku ile ile jioni. Lusia aliingia kantini na simu yake, akaizungusha ili wote waione picha, na kwa dakika chache ilionekana kama mambo yatakwenda. Kisha ikamfikia Benson. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama, akaikuza tena.

"Mama Fabian," alisema kwa upole, "huu si mwandiko wako? Ndio huu huu ulioandika 'MSITUPE TAULO CHINI' pale mlangoni kwako."

Kantini nzima ilicheka. Hata wapishi waliokuwa upande wake walicheka, na mimi sitawalaumu, kwa sababu ilichekesha. Lusia alisubiri wanyamaze. Angeweza kukana, mdomo anao. Alivuta kiti, akakaa, akasema yote: boksi la sabuni ameliandika yeye, akina mama wamelishika kwa heshima tu, shukrani ya kweli ilikuja kwa kamba nayo akairudisha, na sasa mtoto hajachanjwa kwa sababu yake.

"Mtamba?" Benson aliuliza. "Walitupa mtamba?"

"Walitupa."

"Sisi? Wa jikoni, wa baa, wa bustani?"

"Alisema watu wa hotelini."

Benson alisimama, na sasa upole umemwishia. "Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe kama wewe. Tangu nianze kazi za watu nimepewa soksi, nimepewa kofia, nimepewa miwani iliyovunjika mguu. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nafaa kupewa ng'ombe. Na wewe umekataa kwa niaba yangu? Nani alikutuma ukatae?"

"Nilimwonea huruma, Benson. Ana ng'ombe wachache."

"Ndiyo maana ni zawadi," alisema Benson.

Hakukuwa na kura siku hiyo. Walichokubaliana ni kwamba Lusia arudi Arash, Benson aende naye, na fungu lisubiri.

Walikwenda na Sairowua kwenye lori la mahindi, wameketi juu ya magunia. Lusia aliniambia baadaye kuwa ameomba vitu vingi maishani mwake bila kuona haya, lakini kwenda kuomba upewe kitu ulichokikataa ni aibu ya aina nyingine. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Karatu. Alipofika mbele ya Nosim, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake akitunga shanga, maneno yote yalikimbia. Alichuchumaa chini mbele yake.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Nosim aliisikiliza tafsiri. Aliweka shanga zake chini, akamchukua Lusia mkono, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba pale palipochubuka. Akamuuliza mwanawe kitu.

"Anauliza mkono huu umefanya nini," Sairowua alisema.

"Mwambie nafua mashuka. Na huyu anamimina vinywaji na kuosha glasi. Mwambie na wengine wanapika, wanafagia, wanakata majani. Mwambie wote ni watu wa mshahara mdogo."

Sairowua aliongea kwa muda mrefu. Nosim alimkatiza, akauliza, akauliza tena, halafu akamtazama Benson na viatu vyake vya baa vilivyojaa vumbi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na Sairowua naye alitafsiri kwa sauti ndogo.

"Mama anasema hajakasirika nanyi hata siku moja. Alifikiri ni wazungu wa hotelini wanaotoa, na wewe ni mjumbe wao. Ulipomrudishia kamba, alidhani umemwona ng'ombe wake amekonda mno, hafai kupelekwa kwa watu wakubwa. Aliona aibu kujitokeza tena kliniki. Majirani nao wakaona aibu pamoja naye."

Lusia alilia. Si kulia kwa kupangusa jicho, alilia kwa sauti, amechuchumaa vile vile, mkono wake bado mkononi mwa mama wa watu. Nosim alimwacha alie. Kisha alimwita Tobiko, na Tobiko akaenda zizini.

Safari hii Lusia aliipokea kamba kwa mikono miwili, na kabla hajasema lolote aliuliza kwanza. Alimuuliza Sairowua pembeni kama itakuwa tusi kumwacha mtamba pale pale, kama wafanyavyo kwao Qurus, ambako mtu anamweka ng'ombe wake kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa na mwenyewe anakuja kumwona. Sairowua alicheka, akasema hapo hakuna tusi, ng'ombe wa watu wa hotelini akae wapi, baa? Basi ikawa hivyo. Mtamba ni wa wafanyakazi, zizi ni la Nosim, na maziwa siku yakija ni ya watoto wa boma.

"Entawuo," Nosim alimwita Lusia.

"Entawuo," Lusia aliitikia, na kamasi puani.

Lakini Nosim hakutosheka. Alitaka kuwasalimu na wengine, wale waliobaki, maana ng'ombe ni wao pia. Nyuma ya boma kuna kichuguu, na mtandao unapatikana juu yake tu. Wakapanda, Nosim akiwa katikati ameshikwa mikono, na Benson akapiga simu jikoni, akaweka sauti kubwa, akawaambia wapishi wawaite wa vyumbani na wa bustani, haraka, kuna mtu anataka kuwasalimu, na akisema neno lake wamrudishie neno hilo hilo.

Ikasikika viti vikivutwa, sufuria ikianguka, mtu akiambiwa anyamaze. Nosim aliinamia simu kama anayechungulia kisimani.

"Entawuo," alisema.

"Entawuo," jiko zima likaitikia, kwa lafudhi ya Mbulu, ya Arusha na ya kila mahali, wengine wakiwahi na wengine wakichelewa. Na mmoja wa wafanyakazi wale waliozoea asante za wageni kutwa nzima, mpaka leo hawajataka kumtaja, alisikika akivuta pumzi ya machozi.

Benson aliichukua simu. "Hapa ni Benson," alisema. "Fungu linaendelea. Asiyetaka aseme sasa hivi, mama anasikia."

Hakusema mtu. Nosim, ambaye hakuelewa maneno hayo, alimvuta Sairowua shuka na kumuuliza sauti zile zote ni za watu wangapi. Sairowua akamwambia ni wengi, mama, na wote ni Entawuo wako.

Nosim aligeuka, akamtazama mtamba wake mwembamba kule chini akila majani, akamtazama kwa muda.

"Basi mwambieni azae, wenyewe ni wengi," alisema, kisha akamwita Lilian amlete mtoto, ili Lusia ambebe wakati wakipanga siku ya gari la kliniki kuja kumchanja.